Nyumba za Ainhoa zinataka chokaa, si saruji

Juu ya mlango wa nyumba iitwayo Gorritia, kijijini Ainhoa, linta ya jiwe imechongwa maneno ya Kifaransa cha zamani. Yanasema nyumba hii imekombolewa na Marie de Gorriti, mama wa marehemu Jean Dolhagaray, kwa fedha alizotuma mwanawe kutoka Indies, yaani makoloni ya ng'ambo, na kwamba haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani. Mwaka ni 1662. Aliyezoea kuona "nyumba hii haiuzwi" ukutani atamwelewa mama huyu bila mkalimani.

Ainhoa ni kijiji cha Wabasque, watu wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Ufaransa na Hispania; kiko upande wa Ufaransa, karibu kabisa na mpaka huo. Kina barabara moja kuu, kanisa, na uwanja wa pelota, mchezo wa Wabasque wa kupiga mpira ukutani, ubavuni mwa kanisa. Vita vilikiharibu katika karne ya 17, kikajengwa upya. Hapa nyumba ndiyo iliyokuwa na jina, na waliokaa humo waliitwa kwa jina hilo. Mrithi alikuwa mmoja, kwa kawaida mtoto wa kwanza, wa kiume au wa kike, ili nyumba isigawanywe.

Ndiyo maana inauma kuona nyumba za namna hii, zilizojengwa kwa fremu ya mbao, zikipigwa lipu ya saruji. Picha inabaki nzuri, kuta nyeupe na mbao nyekundu, lakini boriti za mwaloni, mti mgumu wa Ulaya, zinaoza ndani kwa ndani. Mwaloni hutanuka na kusinyaa kwa majira. Saruji haifuati, hivyo ufa mwembamba hutokea pale lipu inapokutana na mbao. Mvua ya Atlantiki huingia hapo na haina pa kutokea. Kwa kawaida ncha ya chini ya nguzo ndiyo hutangulia kuoza: ichome kwa bisibisi, ikizama kama kwenye mkate, umechelewa.

Tiba si ngumu, inataka subira tu. Bandua saruji yote, uache ukuta ukauke. Kata sehemu iliyooza, uunge kipande cha mwaloni mkavu kwa vigingi vya mbao. Misumari ya chuma usiitumie, kwa sababu asidi ya mwaloni huila. Kwa lipu mpya isiyoziba ukuta, changanya chokaa kipimo 1 na mchanga safi vipimo 3. Lowesha ukuta kwanza, kisha piga tabaka nyembamba, kama sentimita 1 kila moja, na usiongeze ya pili kabla ya ya kwanza kushika. Ikinge na jua, uinyunyizie maji siku kadhaa. Ikikauka haraka itapasuka na kumung'unyika. Wakati wa barafu usianze kabisa. Juu yake paka chokaa, si rangi ya plastiki, maana hiyo huziba ukuta kama saruji ilivyouziba.

Linta nayo iachiwe maji na brashi laini. Brashi ya waya hula jiwe, na jina la Marie limo humo.