Return of the King haikuisha mara tano, iliisha mara moja tu, taratibu

Kila ikikaribia Desemba watu wanarudia kuangalia Lord of the Rings zote tatu, na kila mwaka lazima atokee mtu na ile hoja kwamba sehemu ya tatu, Return of the King ya 2003, ni kali sana ila inaisha mara tano, yani ile pete ya uovu ambayo safari nzima ilikuwa ya kwenda kuiangamiza ishaungua, adui Sauron kashakwisha, lakini muvi bado inaenda tu. Hoja hii ina miaka zaidi ya 20 na imerudiwa mpaka imekuwa kama kesi iliyokwisha hukumiwa, hata wanaoipenda muvi wanaanza kwa kuomba radhi, "mwisho ni mrefu kweli, ila..." Mimi naona hamna cha kuombea radhi. Ile sehemu wanayoiita mkia ndo inayotuambia hadithi nzima ilikuwa inahusu nini, na ukiikata unabaki na muvi ya vita, nzuri sana, ila ya vita tu.

Wanaolalamika wana pointi na tusiwaonee. Muvi ina dakika 201. Mpaka pete inazama kwenye moto wa mlima Mount Doom mtazamaji kashakaa karibu masaa matatu bila mapumziko, kashaona mji wa Minas Tirith umezingirwa, kashaona jeshi la wafu linamaliza vita kirahisi kuliko ilivyotakiwa (hilo nalo lina mjadala wake, tuliache), na pale mnara wa Sauron unapoporomoka mwili mzima unaachia. Halafu inaanza. Frodo, yule hobiti (watu wafupi wa nchi ya Shire) aliyeibeba pete, na rafiki yake Sam wamekaa juu ya mwamba lava ikiwazunguka, Sam anamtaja Rosie, msichana anayempenda, skrini giza. Tai wanakuja kuwabeba. Frodo anaamka kitandani, wenzake wanaingia mmoja mmoja, wanacheka kwa mwendo wa polepole, giza tena. Aragorn, mrithi wa ufalme, anavikwa taji, mji mzima unapiga magoti. Mahobiti wanarudi Shire, baa, harusi, kitabu kinaandikwa, bandarini watu wanalia, meli inaondoka, na bado Sam anarudi nyumbani kwake. Kila kituo muziki wa Howard Shore unapanda halafu unatua kama vile majina ya waigizaji yanakuja sasa hivi, ni kama mgeni anayeaga mara nne na bado yuko mlangoni. Mtu aliyebanwa na mkojo tangu vita vya Pelennor, vile vya mbele ya Minas Tirith, ana haki ya kununa.

Hapo nakubaliana nao, lakini tuangalie kosa liko wapi. Kosa liko kwenye zile giza na kupanda kwa muziki, maana ndo vinamdanganya mtazamaji kwamba imeisha. Peter Jackson aliyeiongoza na wahariri wake wangeunganisha zile sini bila kuzima skrini katikati nadhani nusu ya malalamiko isingekuwepo kabisa, na cha kushangaza ni kwamba kati ya Oska 11 ilizochukua Februari 2004, kwa kushinda kila kitu ilichoteuliwa, moja ni ya uhariri. Ila kusema zilitengwa vibaya ni jambo moja, kusema hazikutakiwa kuwepo ni jambo lingine kabisa, na watu wanayachanganya kila siku.

Hebu tupige hesabu maana mimi hii hesabu huwa hainitoki kichwani. Muvi ya kwanza ni dakika 178, ya pili 179, ya tatu 201, jumla 558, yani masaa 9 na dakika 18. Kuanzia pete inapoyeyuka mpaka majina yanapoanza kupanda ni dakika 20 na kitu, chukua hata 23 ili tusibishane. Hiyo ni kama asilimia 4 ya hadithi nzima. Asilimia 4! Watu wanaongea utadhani ni nusu ya muvi. Inaonekana ndefu kwa sababu inapimwa dhidi ya muvi moja, na usiku ule mmoja wa kwenye kiti, wakati haikuwa ikifunga muvi moja, ilikuwa inafunga kitu watu walichokisubiri miaka mitatu, Desemba ya 2001, ya 2002 na ya 2003. Sasa chukua kitabu. Lord of the Rings ina sura 62, na pete inaangamia sura ya tatu ya kitabu cha sita ambacho kina sura tisa, kwa hiyo mwandishi wake Tolkien alijipa sura sita nzima baada ya adui kuanguka, karibu asilimia 10. Sawa, sura hazilingani urefu, lakini mwelekeo unaonekana, Jackson anayeshutumiwa kwamba alishindwa kukata ndo huyo huyo aliyekata zaidi ya nusu ya mwisho aliokabidhiwa.

Na ndani ya hizo dakika chache kuna muda mrefu kuliko watu wanavyokumbuka. Frodo mwenyewe anasimulia kwamba wamerudi nyumbani miezi 13 tangu yule mchawi Gandalf alipowatuma, halafu baadaye kidogo anamwambia Sam imetimia miaka minne tangu achomwe kisu begani pale Weathertop mwanzoni mwa safari na kidonda hakijawahi kupona. Yani miezi 13 ya safari imekula karibu masaa yote 9, na karibu miaka mitatu ya kuishi na majeraha ya ile safari imebanwa kwenye dakika ambazo watu wanataka zipungue zaidi. Nikiwaza hivyo huwa najiuliza, kidonda kisichopona utakionyeshaje bila kumpa mtazamaji muda? Haiwezekani.

Sasa twende kwenye kiini. Wengi wetu tumekulia kwenye muvi za steringi na adui, steringi hafi, steringi anapigwa mpaka mwisho halafu anashinda, na ukiangalia kwa macho hayo unaona kabisa Frodo kashinda, sasa tunasubiri nini. Lakini Frodo hakushinda. Amefika mpaka ukingoni mwa moto, akageuka, akasema pete ni yake, akaivaa. Aliyeiangamiza ni Gollum, kiumbe aliyewahi kuimiliki pete na kuitamani tena, kwa tamaa yake, baada ya kuking'ata kidole cha Frodo pamoja na pete yake. Na Gollum alikuwa hai siku ile kwa sababu Bilbo, ndugu wa Frodo aliyeimiliki pete kabla yake, alipopata nafasi ya kumuua hakumuua, na Frodo naye akamhurumia, kitu ambacho Gandalf alikigusia tangu muvi ya kwanza wakiwa gizani kwenye mapango ya Moria, kwamba huruma ya Bilbo inaweza kuja kuamua hatima ya wengi. Tolkien kwenye barua zake alieleza kwamba kweli Frodo alishindwa, ila pale alipofikia hakuna kiumbe ambaye angeweza, kwa hiyo si wa kulaumiwa. (Kitabuni Gollum anateleza mwenyewe akiwa anarukaruka kwa furaha, Jackson akaweka kugombania mpaka wote wawili wakadondoka ukingoni, na mimi hapo bado nasimama na kitabu, kuteleza kunaacha huruma ifanye kazi yake peke yake.)

Kwa hiyo fikiria muvi inakatwa pale, mnara umeanguka, shangwe, majina. Kila mtu anatoka ukumbini akijua steringi kashinda. Huo ungekuwa uongo, na mwisho mzima upo ili kuukanusha.

Angalia inavyofanywa. Kwenye kutawazwa, mfalme mpya anawaambia wale mahobiti wanne kwamba wao hawamwinamii mtu yeyote, kisha yeye na mji mzima wanawapigia magoti. Muda mfupi baadaye hao hao wanne wanaingia Shire na nguo zao za kifahari na mzee mmoja anayefagia anawatazama kwa kununa tu. Wanaingia baa, Frodo anabeba vikombe, hakuna anayegeuka, watu wote wako bize na boga kubwa ambalo mtu kaja kujivunia. Wanne wanakaa, wanaangaliana, hawana la kusema. Ile sini karibu haina maneno na mimi naiweka juu ya vita vyote vya muvi ile. Na haina nguvu kabisa kama hukuona mji ukipiga magoti kabla yake, ndo maana nasema kutawazwa na baa sio miisho miwili, ni pande mbili za kitu kimoja. Hapo hapo Sam anameza kinywaji chake na kunyanyuka kwenda kwa Rosie, mtu aliyembeba mwenzake mgongoni Mordor, nchi ya adui, lakini kuvuka baa kwenda kuongea na msichana ndo kunamtaka ujasiri, na unaelewa bila kuambiwa kwamba Sam atarudi kwenye maisha na Frodo hatarudi.

Tolkien alikuwa kwenye vita vya Somme, Ufaransa, mwaka 1916, na kwenye dibaji ya toleo la pili la kitabu aliandika kwamba kufikia 1918 marafiki zake wa karibu wote walikuwa wamekufa isipokuwa mmoja. Mwenyewe alikataa kabisa hadithi yake kufanywa fumbo la vita fulani, kwa hiyo sisemi Mordor ni Somme. Nasema mtu aliyepitia hayo anajua kurudi nyumbani sio jambo la sini moja, na anajua unaweza kuiokoa Shire na Shire ikaokoka kweli, ila sio kwa ajili yako. Frodo anasema hivyo hivyo pale bandarini.

Kuna kundi lingine la walalamikaji ambao wanaenda upande wa pili, wao wanasema mwisho ni mfupi mno, na hawa ndo wananipa shida zaidi maana hoja yao ina uzito. Kitabuni mahobiti wakirudi wanakuta Shire imeharibiwa, miti imekatwa, watu wanaishi kwa sheria za kibabe, nyuma ya yote yuko mchawi Saruman, na inabidi Merry na Pippin, wale mahobiti wengine wawili, waongoze watu kupigana. Jackson aliiondoa sura hiyo yote, ikabaki tu kama maono ya moto kwenye kioo cha kichawi cha Galadriel muvi ya kwanza. Wanasema kwa kufanya hivyo aliiacha Shire safi, wakati Tolkien alitaka tujue vita inafika hata kwako. Ni kweli tumepoteza hicho. Ila kuna kitu tulichopata ambacho hawakihesabu: Shire ikiwa imeharibika, kila mtu ana kovu na Frodo ana wenzake wa kuumia nao. Shire ikiwa nzima kabisa, na bia ni ile ile, na boga limekuwa kubwa, Frodo anabaki peke yake na bega lake. Kwa muvi nadhani hilo linauma zaidi, na halikuhitaji vita nyingine ya nusu saa ambayo kusema ukweli hata mimi nisingeivumilia.

Bandari nayo haikudondoka kutoka mbinguni. Katikati ya kuzingirwa kwa Minas Tirith, lango linagongwa, Pippin anaogopa kufa na Gandalf anamweleza kwamba kifo sio mwisho, kuna fukwe nyeupe na nchi ya kijani mbali chini ya jua linalochomoza. Hiyo ndo mbegu. Meli inapoondoka unajua inaenda wapi, na wimbo wa Annie Lennox kwenye majina, Into the West, unaendeleza picha hizo hizo. Wimbo ule uliandikwa wakimfikiria Cameron Duncan, kijana mtengeneza filamu wa New Zealand aliyekuwa anaugua saratani na akafariki Novemba 2003, wiki chache kabla muvi haijatoka. Anayesema ile bandari ni machozi ya kulazimisha nadhani hakuisikiliza ile sini ya langoni.

Linganisha na Harry Potter ya mwisho, 2011, muvi nane, vita ikiisha tunarushwa miaka 19 mbele, watu wazima wako stesheni wanasindikiza watoto, dakika chache, imeisha. Hakuna anayesema ni ndefu. Lakini wale watu walizika ndugu na marafiki, waliishije miaka hiyo 19? Hatujui, na ndo maana ile sini inaonwa kama picha ya ukumbusho tu.

Na kitu kimoja watu hawakiangalii kabisa ni toleo refu la DVD lililotoka 2004. Lile lina dakika 251, yani Jackson alipewa dakika 50 za ziada za kufanya anachotaka, bila mwenye ukumbi wa sinema kumlalamikia. Akarudisha kifo cha Saruman, akarudisha msemaji wa Sauron pale getini, akarudisha Eowyn na Faramir wakiuguzwa, karibu kila nyongeza ikaingia kabla ya pete kuungua. Mwisho akauacha karibu ulivyokuwa. Mtu anayesemwa hajui kuacha alipata nafasi ya kuendelea na hakuendelea. Kwa hiyo anayetaka kukata ataje sini, asiseme tu "ni ndefu". Mimi nitaje zangu: ile ya kitandani iende nusu na bila mwendo wa polepole, giza la kwenye mwamba na la baada ya kitanda yaondoke, jumla sidhani kama inafika dakika mbili, na kuanzia taji kwenda mbele asiguse mtu.