Kipimamvua cha chupa bado kina kazi

Kila unapozinduliwa mradi mpya wa hali ya hewa, husikika kauli kwamba vile vipimamvua vya faneli na chupa, vinavyosomwa na mtu saa 3 asubuhi, vimepitwa na wakati. Viondoke, iwekwe mitambo inayojiendesha, yenye sola na laini ya simu.

Hoja ina uzito. Chupa hutoa jumla ya saa 24 tu. Ikisoma milimita 60, hujui kama zilinyesha taratibu usiku kucha au zilimwagika kwa saa moja, na kwa mkazi wa Jangwani, Dar es Salaam, hapo ndipo penye mafuriko. Mtambo unajua. Ndani yake mna vikombe viwili vilivyokaa kama pembea: kimoja kikijaa, aghalabu kwa milimita 0.2 za mvua, kinapinduka na mwenzake anakinga. Kila mpinduko huandikwa na wakati wake. Tena wasomaji huugua, husafiri, na wapo wanaojaza daftari la Jumamosi siku ya Jumatatu.

Lakini mvua ikipiga kwa kasi ya milimita 100 kwa saa, kikombe hicho hupinduka kila baada ya sekunde 7 hivi, na sehemu ya maji yanayoshuka kikiwa kinageuka haihesabiwi. Mtambo unapunja mvua ileile tunayoiogopa. Hilo hurekebishwa kwa hesabu, mradi kuna aliyeukagua.

Kinachonisumbua mimi ni sifuri. Faneli ikizibwa na majani, vumbi au kinyesi cha ndege, mtambo unaendelea kutuma sifuri, na kwenye jedwali sifuri hiyo inafanana kabisa na ya kiangazi. Ikiziba nusu ndiyo balaa: mvua kubwa ya jana inachuruzika kutwa nzima leo, inasomeka kama manyunyu. Sasa fikiria bima za mazao mfano wa Kilimo Salama, iliyoanza Kenya mwaka 2009, ambazo hulipa kwa kufuata kipimo cha kituo, bila mtu kufika shambani. Pakihesabiwa siku za ukame, manyunyu hayo ya uongo yanaweza kumnyima mkulima fidia yake.

Msomaji wa chupa huliona jani, akalitoa, akaandika kwenye daftari kwamba faneli iliziba. Kumbukumbu ndefu za mvua tulizonazo zilitunzwa hivyo, mashuleni, kwenye misheni na mashamba makubwa. Kuzikata ghafla kwa kifaa kingine ni kujitafutia, kwenye takwimu, mabadiliko ya tabianchi yaliyoletwa na fundi, si na mvua yenyewe.

Mradi wa TAHMO, unaosambaza vituo vya kujiendesha Afrika, huviweka vingi shuleni, penye watu wa kuviangalia. Uamuzi mzuri. Ningeongeza chupa na daftari pembeni ya kila kimoja, na posho ya mwalimu anayesoma iingizwe kwenye bajeti ileile iliyonunua mtambo.