Chuki Isipewe Ruzuku: Ujerumani na Kwetu Kenya

Wakenya wengi wakifika Ujerumani hushangaa kwamba nchi yenye uhuru mkubwa wa maoni inaweza kumfunga mtu hadi miaka 3 kwa kupiga saluti ya Wanazi hadharani. Ndivyo kilivyo kifungu cha 86a cha sheria ya jinai. Anayechochea chuki dhidi ya kundi la watu anangojwa na kifungu cha 130: miezi 3 hadi miaka 5. Mwalimu anayeonyesha swastika, ile alama ya Wanazi, kwenye somo la historia hana kosa.

Kwetu sheria si haba. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinasema uhuru wa kujieleza hauhusu matamshi ya chuki, na sheria ya uwiano ya 2008 inaweka faini ya hadi shilingi milioni 1, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Tuliipitisha watu zaidi ya 1,100 wakiwa wameshauawa baada ya uchaguzi wa 2007.

Tunakwama kwenye ushahidi. Mwanasiasa anahutubia kwa lugha ya mama, video inasambaa WhatsApp, kisha kortini hajulikani aliyeirekodi. Kifungu cha 106B cha sheria ya ushahidi kinataka cheti kinachoeleza rekodi ilipatikanaje na kwa kifaa gani. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukirekodi matamshi ya aina hiyo, hifadhi video nzima bila kuikata, andika tarehe, mahali na simu uliyotumia, na uwe tayari kutoa ushahidi kortini.

Ila la kuiga zaidi huku Ujerumani ni kugusa mfuko. Mwaka 2017 Mahakama ya Katiba ilikataa kukipiga marufuku NPD, chama cha mrengo mkali wa kulia: malengo yake yalipinga katiba, lakini hakikuwa na nguvu ya kuyatimiza. Bunge halikuishia hapo. Mwaka huohuo lilirekebisha katiba ili chama cha namna hiyo kinyimwe pesa za umma, na Januari 2024 mahakama ikakinyima ruzuku na nafuu ya kodi kwa miaka 6, wakati huo kikiitwa Die Heimat. Hakuna aliyepata nafasi ya kujifanya shujaa. Kwetu mchochezi hulala rumande siku mbili tatu, akitoka anabebwa juu juu na wafuasi.

Wenye chuki hujificha pia. Huku wanaandika 88, H ikiwa herufi ya 8, yaani HH, "Heil Hitler", kumsalimu Hitler. Kwetu wanawaita watu wa makabila mengine "madoadoa" na kila mtu anaelewa nani anafukuzwa. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotuhimiza tuvumiliane tu. Anayetaka kodi ipunguzwe nitabishana naye kwa adabu hadi usiku. Anayetaka jirani yangu ahamishwe kwa sababu ya kabila lake hana hoja ya kujibiwa, na redio haina deni la kumpa kipindi.

Tunao Mfuko wa Vyama vya Siasa, na kifungu cha 91 cha Katiba kinakataza chama kueneza chuki. Chama kinachomsimamisha tena mgombea aliyetiwa hatiani kwa uchochezi kikatwe mgao wake hadi uchaguzi unaofuata.