Karatasi kumi mezani: vikundi vya wahadhiri vinafaa wapi?

Katika ukumbi wa chuo kikuu wenye wanafunzi mia tatu, Njoro au Maseno nchini Kenya, mhadhiri akiuliza "Mmeelewa?" anajibiwa "Ndiyo!" kwa sauti moja. Ukweli huja na mtihani, muhula umeshakwisha. Vikundi vidogo vya wahadhiri wanaochunguza pamoja kazi za wanafunzi na kurekebisha somo vinaweza kuuleta mapema, mradi visigeuke kamati nyingine.

Wazo si geni. Mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi katika sekondari za Kenya, ulioanza 1998 kwa msaada wa Japani, uliwazoesha walimu wa masomo hayo kupanga somo, kulifundisha, kulitathmini na kulirekebisha. Chuoni, watu wanne hadi sita wanatosha, wakikutana kila baada ya wiki mbili.

Waanze na kosa moja. Katika takwimu, mwanafunzi akipata p ya 0.03 huandika kwamba uwezekano wa nadharia tete sifuri (dhana kwamba hakuna tofauti) kuwa kweli ni asilimia 3. Sivyo: p ni uwezekano wa kupata matokeo kama hayo, au ya kupita kiasi zaidi, endapo dhana hiyo ni kweli. Kila mhadhiri alete karatasi 10 za majibu ya wanafunzi, zilizofutwa majina: nzuri 3, za wastani 4, mbovu 3. Watafute mstari ambapo fikra ilipotea, kisha wapange upya dakika 20 tu za somo. Mmoja afundishe, wengine wakae viti vya nyuma na kuandika wanafunzi wanafanya nini: nani kaacha kuandika, lini, kamwuliza nini jirani. Ukianza kuandika "anaongea haraka mno", umeshageuka mkaguzi.

Wanaopinga wana hoja nzito. Cheo hutafutwa kwa machapisho. Karatasi za wanafunzi hazimpandishi mtu. Tena mkuu wa idara akiketi kikaoni, mhadhiri mdogo ataleta karatasi nzuri tupu. Na kuna ujanja usio na nia mbaya: swali hulegezwa, alama zinapanda, uelewa uko palepale. Dawa yake ni kulirudia swali la zamani, neno kwa neno, kwa darasa linalofuata.

Gumu kuliko yote ni wahadhiri wa muda. Wengi ndio hubeba madarasa makubwa ya mwaka wa kwanza, leo Kisumu, kesho Kakamega, na malipo yao ni ya saa za kufundisha, tena huchelewa. Kuwaita kikaoni bure ni kuwaongezea mzigo. Kuwaacha nje ni kuboresha masomo ya mwaka wa nne yenye wanafunzi 20, ambao mhadhiri angeweza kuwauliza mmoja mmoja. Fungu likiwa dogo, tungelipia kikundi kimoja cha mwaka wa kwanza, saa za vikao zikiandikwa kwenye mkataba, kabla ya kuanzisha vitano vya kujitolea.