Kibali cha kuvuna msitu: kijijini au wilayani?

Sheria ya Misitu ya 2002 iliwapa wanavijiji wa Tanzania haki nzito: kutenga msitu wao, kuulinda, kuuvuna kwa mpango na kubaki na mrabaha wake. Kanuni za 2019, zile za Tangazo la Serikali Na. 417, hazikuifuta haki hiyo. Ziliipeleka tu mbele ya kamati ya uvunaji ya wilaya, ambako ombi linasubiri kikao. Mgogoro wote umekaa kwenye hiyo "tu".

Serikali haikukurupuka. Karatasi ya kijiji ni rahisi kuchezewa, na askari wa geti usiku hana namna ya kujua gogo la mninga lililo mbele yake limetoka msitu upi. Mwenyekiti wa kijiji naye hulainishwa kwa bei ndogo kuliko kamati nzima. Tena msitu si wa kijiji peke yake, kwa kuwa mto unaoanzia humo unanywewa na watu wa mbali.

Hoja hizi husindikizwa na takwimu moja: hekta 469,420 za misitu hupotea kila mwaka, kwa makadirio yaliyotolewa 2018. Ukigawa kwa siku ni karibu hekta 1,286. Inatisha, na inastahili kutisha. Lakini huwa inatumika kama rungu: misitu inaisha, basi kaza kibali. Kibali cha nani? Tathmini ya taifa ya misitu, NAFORMA, ilihesabu hekta milioni 48.1, na karibu asilimia 46 ya hizo ziko kwenye ardhi ya vijiji. Sehemu kubwa ya eneo hilo la vijiji haijatengwa kuwa hifadhi ya mtu yeyote. Huko mtu hufyeka, huchoma, hupanda ufuta. Haombi kibali, na kamati ya wilaya hataiona maisha yake yote. Anayebanwa na kanuni ni yule aliyejiandikisha, aliyechora ramani na kupitisha sheria ndogo kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Hekta 1,286 za kila siku zinaendelea kwingine.

Kilosa, wilaya ya mkoani Morogoro, ndiko ningempeleka mtu mwenye mashaka. Kuanzia 2012, kwa msaada wa mradi wa mkaa endelevu, baadhi ya vijiji vya huko viligawa sehemu ndogo ya misitu yao katika vitalu vya mita 50 kwa 50, vikawa vinavuna mkaa kitalu kimoja na kuruka kinachofuata, kwa mzunguko wa miaka 24. Visiki viliachwa vichipue. Fedha zilijenga madarasa na kulipa doria. Yaani mkaa, huo unaolaumiwa kila mahali, ndio uliokuwa ukimlipa mlinzi wa msitu. Kibali kikichelewa wilayani, doria haina posho, wakati shamba la ufuta linaleta fedha msimu huuhuu bila kikao cha mtu.

Kuna swali ambalo watetezi wa vijiji hulikwepa, nami sitalikwepa. Vitalu vya Kilosa vilifuatwa kukiwa na wataalamu wa mradi karibu. Mradi ukiondoka, nani atamzuia mchoma mkaa asirudi kwenye kitalu cha mwaka juzi? Kijiji kinaweza kujila chenyewe, tena haraka.

Hata hivyo, dawa ya hilo ni ukaguzi baada ya kuvuna. Kikao cha wilaya kabla ya kuvuna hakimwoni mchoma mkaa huyo hata kidogo. Ramani ya vitalu ipo kwenye ofisi ya kijiji. Afisa misitu mwenye pikipiki na mafuta ya kutosha anaweza kufika nayo msituni, akahesabu visiki, akatazama kama vimechipua, na akasimamisha uvunaji wa mwaka unaofuata siku hiyohiyo.