Majivu yanafaa, lakini yapimwe kwanza

Habari hii ya majivu ya viwandani kugeuzwa kichujio rahisi cha majitaka inatuhusu sana sisi wa Tanga. Mwandishi ameishia kusema majivu "yananasa uchafu", basi. Yananasaje?

Majivu ya makaa ya mawe yamejaa madini ya silika na alumina. Ukiyapika na kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, kwenye joto la nyuzi kama 100 kwa saa nyingi, hutoka zeolaiti: chembe zenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Ndani yake mna sodiamu. Maji machafu yakipita, risasi, shaba au amonia huingia, sodiamu ikatoka.

Ila kwa majitaka ya viwanda vya mkonge tusidanganyane. Anayekaa jirani na korona, yaani kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge, anayajua, ya kijani, yanawasha ngozi, yakilala yananuka. Uchafu wake mwingi ni sukari na tindikali za jani lenyewe, kwani nyuzi za katani ni asilimia 4 hivi tu ya jani, mengine ni taka. Hiyo ni kazi ya mtambo wa biogesi kwanza, unaoozesha uchafu ukatoa gesi ya kuwasha, kama walivyojenga Hale, hapa hapa mkoani Tanga, majivu yafuate.

Na hili habari haikuligusa kabisa: majivu yenyewe yanaweza kubeba sumu kama aseniki na kromi. Zeolaiti ikishashiba risasi nayo itatupwa wapi? Naomba NEMC, baraza la taifa la mazingira, idai majibu ya maabara kabla mtu hajashusha hata gunia moja karibu na Mto Zigi, maana ndio tunaokunywa mjini.