Kabla feza haijatoka, iulize mashine, kisha piga simu

Zamani barua pepe ya tapeli ilijitangaza yenyewe. Kifaransa kimevunjika, jina la kampuni limekosewa, na mtu yeyote aliyepita shule aliifuta bila kufikiri. Alama hiyo imekufa. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika na kujibu maswali, ifunguliwe kwa umma Novemba 2022, mwizi asiyejua Kifaransa anapata kwa dakika moja barua ya biashara iliyonyooka, yenye salamu zote za heshima. Wafanyabiashara wengi wa Lubumbashi bado wanapima ukweli wa barua kwa usafi wa lugha yake, na hapo ndipo wanapoliwa.

Nawasemea hasa wadogo. Kampuni kubwa za migodi zina wataalamu wao. Lakini mama mwenye depo ya simenti na mabati soko la Kenya hapa Lubumbashi, kijana anayeuza simu mtaa wa Kamalondo, papa anayepitisha mali mpakani Kasumbalesa, wote wameweka biashara nzima ndani ya simu moja: WhatsApp ya wateja, barua pepe ya wauzaji wa nje, M-Pesa au Airtel Money ya malipo. Naamini akili mnemba, ileile iliyowapa wezi nguvu, inaweza kuwa jicho la pili la watu hawa bila gharama kubwa. Ila ruhusa ya kutoa pesa isiachiwe mashine hata siku moja.

Chukua wizi unaowaumiza zaidi wanaoagiza mali nje. Mmekubaliana bei na muuzaji wa Dar es Salaam au Guangzhou, mmeandikiana wiki nyingi, proforma (hati ya bei inayotolewa kabla ya malipo) imefika. Siku ya kulipa inaingia barua: benki yetu inafanyiwa ukaguzi, tafadhali tuma kwenye akaunti hii mpya, leo kabla ya saa tisa. Nembo ni ileile, jina la mhasibu ni lilelile. Kwenye kioo cha simu, r na n zikisimama bega kwa bega zinasomeka m, kwa hiyo anwani ya mwizi na ya muuzaji huwezi kuzitenganisha kwa macho.

Hapo ndipo mashine inasaidia. Nakili barua mpya na ya zamani, anwani za watumaji zikiwemo, ziweke kwenye ChatGPT au Gemini ya Google, kisha uliza kwa Kiswahili chako: barua hizi mbili zinatofautianaje, na kitu gani kinatia shaka? Kwa kawaida itakuonyesha herufi iliyobadilishwa, akaunti iliyo kwa jina la mtu badala ya kampuni, benki iliyo nchi nyingine na muuzaji, na ile haraka isiyo na sababu. Lakini haiwezi kujua akaunti ni ya nani, na mara nyingine inajibu kwa uhakika jambo lisilo sahihi. Ikikuambia barua ni safi, bado piga simu, tena kwa namba iliyo kwenye faktire (ankara) ya zamani. Namba iliyo ndani ya barua mpya inaweza kuwa ya mwizi.

Sauti nayo si ushahidi tena. Mwaka 2019 mkuu wa kampuni moja ya nishati Uingereza alituma euro 220,000 baada ya kusikia kwenye simu sauti iliyoigwa ya bosi wake. Mwaka 2024 kampuni ya uhandisi Arup ilipoteza kama dola milioni 25 huko Hong Kong, kwa sababu mfanyakazi aliona kwenye mkutano wa video sura za wakubwa wake zilizotengenezwa na kompyuta. Sisi hapa tunaendesha kila kitu kwa sauti za WhatsApp. Ukisikia "Tuma ile feza mbio, niko mu mukutano", ikate, umpigie mwenyewe. Bora zaidi, wekeni neno la siri la dukani ambalo halijawahi kuandikwa popote.

Matumizi ninayoyapenda kuliko yote ni mazoezi. Mwombe msaidizi huyo wa mashine, ChatGPT au Gemini, akutungie ujumbe sita kama ambao duka lako hupokea, mitatu ya kweli na mitatu ya utapeli, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Wape wafanyakazi, kila mmoja aseme angefanya nini. Yule dada wa kaunta ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha ndiye anayepokea ujumbe kwanza, na ndiye anayelaumiwa kwanza pesa ikipotea. Si haki.

Unaweza pia kumpa msaidizi huyo wa mashine jedwali la mauzo na kumwambia atafute malipo yaliyojirudia, faktire zenye namba moja, au mauzo yaliyofutwa baada ya duka kufungwa. Ondoa kwanza majina na namba za wateja. Mwaka 2023 Samsung iliwazuia wafanyakazi wake kutumia zana hizi baada ya siri za kampuni kuingizwa humo, na hapa Kongo sheria ya masuala ya kidijitali ya Machi 2023 inalinda data za watu. Picha ya kadi ya mteja haina kazi kwenye ChatGPT.

Kuna mambo ambayo hayahitaji mashine hata kidogo. Ujumbe unaosema umepokea pesa, kisha mtu anapiga akilia umrudishie: angalia salio lako kwanza, usiamini ujumbe. WhatsApp iwekee namba ya siri ya tarakimu sita leo. Na kompyuta ya Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya usalama bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025. Ukilipia mishahara kwenye mashine hiyo, tafuta njia ya kuibadilisha.

Ombi langu ni kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) na shule ya informatiki ya Salama. Wanafunzi wenu wanajua haya yote. Watumeni sokoni Jumamosi moja kila mwezi, wakae na mama wa depo, wamwashie ulinzi wa simu yake mbele ya macho yake, wamwonyeshe namna ya kuuliza, kwa Kiswahili, na wahesabiwe alama kwa kazi hiyo.